Upungufu Mdogo Katika Mizani ya Jua

Mtoto wa darasa la nne akimuuliza mwalimu wake jua linawaka kwa kuni gani, swali hilo si la kitoto. Ndilo swali lililowashughulisha wataalamu wakubwa wa Ulaya kwa muda wa karibu karne nzima, na wengi wao walilijibu kwa makosa. Aghalabu mtoto huyo huambiwa kwamba jua ni moto mkubwa uliowekwa na Mwenyezi Mungu, kisha huamrishwa akae chini. Kwamba jua limewekwa na Mwenyezi Mungu sisi hatuna shaka nalo. Lakini mkarafuu nao umeota kwa amri yake, na hatujapata kumsikia bwana shamba akikataa kueleza jinsi mizizi yake inavyonyonya maji. Kwa hivyo leo tumeona tuitumie nafasi hii kulijibu swali hilo, kwanza kwa ajili ya wananchi wanaoanika karafuu na mwani juani kila msimu, na pili kwa ajili ya maofisa wa Serikali, kwani katika kisa hiki limo jambo linalowahusu wao hasa.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Mkeka wa mita mbili za mraba ukitandikwa uwanjani saa sita mchana, mbingu haina wingu na jua liko utosini, hupokea nishati ya kiasi cha wati 2,000, sawa na pasi mbili za umeme zinazofanya kazi kwa pamoja. Nishati hiyo imesafiri kilomita milioni 150, safari ya dakika 8 na sekunde 20 kwa mwendo wa nuru, na imetawanyika kila upande. Dunia yetu nzima, pamoja na bahari zake na majangwa yake, haipati ila kama sehemu moja katika sehemu bilioni 2 za nishati inayotoka katika jua. Iliyobaki hupita ikaenda zake. Mwenye nyumba anayetumia utajiri wake namna hiyo, majirani wangeuliza ameupata wapi.

Jibu la kuni na makaa linaondoka mapema. Uzito wa jua ni kama mara 333,000 ya uzito wa dunia, na lau lingekuwa ni makaa matupu, yenye hewa yake ya kutosha ya kuyaunguza, lingekwisha lote katika miaka elfu chache tu. Mapiramidi ya Misri peke yake yana umri wa miaka ipatayo 4,500. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani na William Thomson wa Uingereza, ambaye baadaye alipewa ubwana akaitwa Kelvin, walileta maelezo mengine: kwamba jua linajikunja taratibu kwa uzito wake, na kule kujikunja ndiko kunakolitia joto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto hewa inapobanwa ndani yake. Maelezo hayo hayakuwa ya kipuuzi. Nyota changa hupata joto lao la mwanzo kwa njia hiyo hasa. Lakini Kelvin alipopiga hesabu alikuta kwamba jua la namna hiyo haliwezi kudumu zaidi ya makumi ya mamilioni ya miaka, na wakati huo huo watu wanaosoma mawe na matabaka ya ardhi walikuwa wakisema kuwa muda huo hautoshi hata kidogo. Kelvin alikuwa mtu mwenye heshima kubwa mno, na si wengi waliothubutu kumbishia. Wala hesabu yake haikuwa na kosa la kujumlisha au la kutoa. Kilichokosekana ni kitu ambacho katika zama zake hapakuwa na mtu aliyekijua. Leo umri wa jua umethibitishwa kuwa miaka bilioni 4.6, yaani miaka milioni 4,600.

Ili tukielewe kitu hicho, twende katika kituo cha kununulia karafuu. Mkulima ameleta magunia manne. Kila gunia limepimwa peke yake mbele ya macho yake, na jumla yake ni kilo 200 kamili. Kisha karani anayamimina yote manne katika gunia moja kubwa, anapima tena, na mizani inasoma kilo 198 na gramu 600. Hapana karafuu iliyomwagika, hapana mkono wa mtu uliopita, na mizani ni ile ile. Kilo moja na gramu 400 zimekwenda wapi? Wengi wetu tunajua ambavyo jambo hilo lingemalizika: ama karani angeshitakiwa, ama daftari lingeandikwa 200 ili pasiwe na maneno.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1920 katika maabara ya Cambridge, Uingereza, ambako Francis Aston alikuwa akipima uzito wa atomu kwa chombo alichokibuni mwenyewe. Atomu ya haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote. Atomu ya heliamu inayo vipande vinne vya ukubwa huo, na kwa hivyo ilitegemewa iwe na uzito wa haidrojeni nne. Haikuwa hivyo. Heliamu ilipungua kwa sehemu 7 katika kila sehemu 1,000, na Aston akauandika upungufu huo kama alivyouona. Arthur Eddington, mtaalamu wa falaki, hakuchelewa kuona maana yake. Huyu ndiye yule ambaye mwaka uliotangulia, tarehe 29 Mei 1919, alikuwa katika kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, kisiwa kidogo kuliko Pemba kwa mbali, akipiga picha za kupatwa kwa jua katika shamba la kakao la Wareno. Mwezi Agosti 1920, katika mkutano wa wanasayansi mjini Cardiff, alisema kwamba ikiwa ndani ya nyota haidrojeni inageuka kuwa heliamu, basi uzito unaopotea ndio moto wa jua. Kwani tangu mwaka 1905 Albert Einstein alikwishaonyesha kwamba uzito na nishati ni kitu kimoja chenye sura mbili, na kwamba uzito mdogo sana hutoa nishati nyingi sana. Gramu moja ikigeuka yote kuwa nishati hutoa uniti milioni 25 za umeme. Kilo moja na gramu 400 zilizopotea katika magunia yetu zingetoa uniti bilioni 35.

Hata hivyo palibaki kikwazo kikubwa. Jua haliwezi kuishi kwa haidrojeni ila liwe na haidrojeni nyingi, na wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba jua limefanywa kwa mchanganyiko ule ule wa dunia, chuma kingi na vitu vya mawe. Walikuwa na sababu. Nuru ya jua ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika ikawa utepe wa rangi, na ndani ya utepe huo huonekana mistari myeusi. Kila kitu kina mistari yake, kama kila karani alivyo na saini yake, na saini za chuma katika nuru ya jua ni nyingi ajabu. Aliyeonyesha kwamba saini hizo hazisomwi kwa kuzihesabu tu ni kijana wa Kihindi, Meghnad Saha. Alizaliwa mwaka 1893 katika kijiji karibu na Dhaka, baba yake muuza duka dogo, na mwaka 1905 alifukuzwa skuli ya serikali ya kikoloni kwa kushiriki katika mgomo dhidi ya ziara ya gavana wa Kiingereza. Mwaka 1920 alitoa kanuni inayoeleza jinsi joto linavyozibadilisha atomu, hata kitu kikawepo kwa wingi na saini yake ikafifia, na kingine kikawa kichache na saini yake ikakolea. Mwaka 1952 wananchi wa India huru walimchagua kuwa mbunge wao.

Kanuni ya Saha ilichukuliwa na Cecilia Payne. Huyu alikuwa msichana wa Kiingereza aliyesoma Cambridge, ambako wakati huo wanawake walisomeshwa lakini hawakupewa shahada, na mwaka 1923 akaenda Harvard, Marekani. Alikaa na picha za nuru za nyota, akazipima moja baada ya moja, na mwaka 1925 akatoa matokeo ambayo hayakufanana na mafundisho ya mtu yeyote: nyota ni haidrojeni na heliamu, na chuma na vinginevyo ni kama chumvi katika mchuzi. Maandiko yake yalipelekwa kwa Henry Norris Russell wa Princeton, mkubwa wa fani hiyo katika Marekani. Russell akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Payne alikuwa na umri wa miaka 25 na mustakabali wake ulikuwa mikononi mwa wakubwa. Katika kitabu chake akaongeza maneno ya kusema kwamba wingi huo wa haidrojeni, alioupima mwenyewe, karibu hakika si wa kweli.

Tunawaomba maofisa wetu wasimame hapa kidogo. Russell hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Miaka minne baadaye alifika yeye mwenyewe katika jibu lile lile kwa njia nyingine, akalitangaza mwaka 1929, na akaitaja kazi ya bibi yule. Payne naye alipata uprofesa kamili wa Harvard mwaka 1956. Lakini kwa miaka minne ukweli ulikuwa umeandikwa, umepigwa chapa, na pembeni yake pamewekwa kanusho la mwandishi mwenyewe kwa sababu mkubwa hakuupenda. Katika elimu ya nyota miaka minne ni kitu kidogo, nyota hazina haraka. Katika wilaya mambo si hivyo. Ripoti ya bwana samaki anayesema samaki wa mwamba wamepungua, au ya muuguzi wa kijiji anayesema homa imezidi, ikirudishwa na kuamrishwa isahihishwe ili ilingane na ripoti ya mwaka jana, hapo pana watu watakaolala na njaa na pana watakaozikwa.

Sasa turudi katika moyo wa jua tuone kazi inavyofanyika. Kwa uzito, kiasi cha robo tatu ya jua ni haidrojeni, na karibu yote iliyobaki ni heliamu. Uzito wote huo unakandamiza katikati, mpaka joto la moyoni linafika kiasi cha nyuzi milioni 15 za Sentigredi, ilhali usoni ni kama nyuzi 5,500 tu. Katika joto hilo atomu hubambuliwa maganda yake, na viini vya haidrojeni, ambavyo huitwa protoni, vinakwenda huku na huku kwa kasi kubwa. Protoni mbili hazipendani. Kila moja humsukuma mwenziwe kwa nguvu za umeme, na kwa hesabu za zamani hata nyuzi milioni 15 hazikutosha kuzikutanisha. George Gamow, mzaliwa wa Odessa, ndiye aliyefungua mlango mwaka 1928: alionyesha kwamba kwa sheria za vitu vidogo kabisa, kipande kama hicho huweza mara chache sana kujikuta upande wa pili wa ukuta ambao hakina nguvu za kuuruka. Na mwaka 1938 na 1939 Hans Bethe, mkimbizi aliyeihama Ujerumani ya Hitler akaenda Marekani, pamoja na mwenzake Charles Critchfield, waliipanga kazi yote hatua kwa hatua. Protoni mbili hukutana, moja yao ikageuka kuwa nyutroni, na wawili hao wakashikamana. Baada ya muda mfupi hujiunga protoni ya tatu. Kisha makundi mawili ya watatu watatu hukutana, hufanya heliamu, na hurudisha protoni mbili zilizozidi. Katika kila hatua uzito kidogo hupungua na nishati hutoka.

Ile hatua ya kwanza ndiyo yenye siri yote. Kwa wastani protoni moja katika moyo wa jua hungoja mabilioni ya miaka kabla ya kufanikiwa kushikamana na mwenziwe, ingawa hugongana na wenziwe kila wakati usiohesabika. Ndiyo maana jua halikuripuka siku ya kwanza. Watu wengi hudhani kwamba jua ni tanuri kali lisilo mfano, na hapo hukosea. Tuchukue debe moja la lita 20, tulijaze kitu cha katikati kabisa ya jua. Uzito wake utakuwa tani 3, kwani kitu hicho kimebanwa hata kikawa kizito mara 13 kuliko risasi. Lakini nishati inayozaliwa katika debe hilo haifiki wati 6, ambazo hazitoshi hata kwa taa ya maana ya chumbani. Mtu mzima aliyelala usingizi hutoa joto la kiasi cha wati 80, na mwili wake ni kama madebe matatu na nusu tu. Debe kwa debe, mtu aliyelala anaushinda moyo wa jua kiasi cha mara nne! Ukuu wa jua haumo katika ukali wake. Umo katika wingi wake, kwani ndani yake zingeingia dunia milioni 1 na laki 3, na kila debe linafanya kazi yake ndogo bila kupumzika. Kwa jumla jua hugeuza tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni kila sekunde, na tani milioni 4 kati ya hizo hutoweka zikawa nuru na joto. Tangu lilipoanza mpaka leo, uzito lililoupoteza kwa njia hiyo haujafika sehemu moja katika 1,000.

Na kazi hiyo inajisimamia yenyewe. Moto wa moyoni ukizidi, moyo hupanuka, na ukipanuka hupoa, na ukipoa kazi hupungua. Moto ukipungua, uzito wa juu hukandamiza zaidi, joto hupanda, na kazi hurudi kama ilivyokuwa. Kwa mizani hiyo jua limekaa mamilioni kwa mamilioni ya miaka bila ya msimamizi wa kulifungia wala kulifungulia hewa.

Nuru inayozaliwa humo haitoki kwa haraka. Hugongana na vitu vilivyobanana, ikarudishwa nyuma na kando, na nishati yake huchukua makumi ya maelfu ya miaka kufika usoni. Joto linalokausha karafuu za msimu huu lilizaliwa kabla ya binadamu kuotesha nafaka yake ya kwanza. Lakini kipo kitu kingine kinachotoka moyoni moja kwa moja, nacho ni nyutrino, kijipande kisicho na umeme na karibu hakina uzito, ambacho hupita katika jua, katika dunia na katika miili yetu kama kwamba hapana kitu. Kila sekunde kiasi cha nyutrino bilioni 65 za jua hupita katika ukucha mmoja wa kidole. Mwenye kuzikamata chache atakuwa ameuona moyo wa jua kama ulivyo leo hii.

Aliyethubutu kuzikamata ni Raymond Davis wa Marekani. Aliweka tangi lenye lita 380,000 za dawa ile wanayoitumia madobi wa mijini kusafishia suti bila ya maji, katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, jimbo la South Dakota, karibu mita 1,500 chini ya ardhi. Mwaka 1968 alitoa hesabu yake ya kwanza, na ikapungua: nyutrino alizozipata, alipoendelea kuhesabu mwaka baada ya mwaka, zilikuwa kama theluthi moja tu ya zile zilizopigiwa hesabu na mwenzake John Bahcall. Wapo waliosema Bahcall halijui jua, na wapo waliosema Davis hajui kuhesabu. Davis akalijaribu tangi lake kwa kila njia, naye Bahcall akazipitia upya hesabu zake, na kila mmoja akabaki na tarakimu yake. Hapana aliyeongeza wala kupunguza ili wapatane. Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka 30. Hatimaye mwaka 2001 na 2002 chombo kilichowekwa kilomita 2 chini ya ardhi huko Sudbury, Canada, chenye tani 1,000 za maji mazito, kilionyesha kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, na tangi la Davis lilikuwa likiona aina moja tu. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Mwaka huo wa 2002 Davis alipewa Tuzo ya Nobel, akiwa mzee wa karibu miaka 88. Lau angelisahihisha daftari lake mwaka 1968 ili apate amani, wanafizikia wangekosa moja ya habari kubwa walizozipata juu ya nyutrino, yaani kwamba zina uzito.

Kuhusu nyota nyingine, jambo ni hilo hilo na tofauti ni uzito tu. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tuliijua Shi'ra kwa jina kabla ya kuijua kwa macho, kwani imetajwa katika Sura ya An-Najm. Nyota hiyo, ambayo Wazungu huiita Sirius, ina uzito wa kama mara mbili ya jua letu, lakini hung'aa kama mara 25. Moyo wake una joto zaidi, na haidrojeni yake hugeuka heliamu kwa njia ya pili aliyoieleza Bethe, ambamo kaboni hutumika kama mtumishi, ikaingia kazini na kutoka vile vile. Matajiri hao hufilisika mapema: nyota yenye uzito wa mara kumi ya jua haimalizi miaka milioni 30, na ndogo nyekundu, ambazo hatuzioni kwa macho matupu, zitaishi mara mia na zaidi ya umri wa jua. Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama wapate kujua wakati wa kulima, ni kundi la vijana, umri wao ni kama miaka milioni 100. Nyuma yake inafuata Ad-Dabaran, nyekundu, ambayo jina lake kwa Kiarabu lina maana ya mfuasi. Hiyo imemaliza haidrojeni ya moyoni mwake na imevimba hata upana wake umekuwa kama mara 44 ya jua. Jua letu nalo litafika huko baada ya miaka ipatayo bilioni 5.

Nyota nzito kabisa huendelea kuunganisha, heliamu ikawa kaboni, na kaboni ikaendelea mpaka kufika chuma, na hapo biashara husimama, kwani chuma hakina faida ya kutoa. Moyo huporomoka kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, na nyota huripuka. Mwezi Februari 1987 mripuko wa namna hiyo ulionekana katika mbingu ya kusini, na uliweza kuonekana kwa macho matupu hata katika visiwa vyetu vilivyo kusini kidogo ya Ikweta. Chuma kilichomo katika nanga za majahazi yetu na katika damu yetu kilipikwa katika nyota zilizokwisha kufa.

Elimu hii inao ukurasa mchafu, na sisi watu wa visiwa hatuna haki ya kuuruka. Mara ya kwanza binadamu kuuunganisha moyo wa haidrojeni kwa wingi haikuwa kwa ajili ya kumwashia mtu taa. Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1952, katika visiwa vya Enewetak, Bahari ya Pasifiki, Marekani iliporipua bomu lake la kwanza la haidrojeni. Kisiwa cha Elugelab kilichobeba bomu hilo kilitoweka, pakabaki shimo baharini. Wenyeji wa Enewetak walikuwa wamekwishahamishwa tangu Desemba 1947, wakapelekwa katika kisiwa kingine kidogo cha Ujelang, na hawakurudi kwao mpaka mwaka 1980. Tarehe 1 Machi 1954 bomu jingine liliripuliwa Bikini, na majivu yake yenye sumu yaliwaangukia watu wa Rongelap, watoto na watu wazima. Mabeberu walichagua visiwa kwa sababu walidhani kwamba watu wachache walio mbali hawana wa kuwasemea.

Kazi ya kuitumia nguvu hiyo kwa amani inaendelea, na si rahisi. Tarehe 5 Desemba 2022, huko California, kwa mara ya kwanza maabara ilipata nishati nyingi kuliko ile ya mianzi ya nuru iliyoingizwa katika kijipande cha haidrojeni: iliingia 2.05 ikatoka 3.15, kwa kipimo cha megajuli. Lakini mitambo ya kuitoa mianzi hiyo yenyewe ilikula kiasi cha 300. Waliokaa Unguja bila ya umeme miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, wasiisubiri mashine hiyo. Wakati huu lipo jua lenyewe juu ya mapaa ya skuli na zahanati zetu, na vioo vya kulipokea vinauzwa madukani.

Tunamalizia kwa ombi moja kwa wanaohusika na elimu. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Giza kamili litapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia, na huku kwetu litafunikwa sehemu tu. Heliamu yenyewe iligunduliwa kutokana na kupatwa kama huko, mwezi Agosti 1868, kulikopita Aden na India, ulipoonekana katika nuru ya jua mstari wa njano usiokuwa na mwenyewe. Ukaitwa kwa jina la jua la Kigiriki, na hapa duniani kitu hicho hakikupatikana mpaka mwaka 1895. Skuli zijitayarishe mapema. Watoto wakatazwe kabisa kulitazama jua kwa macho, hata kwa miwani ya kawaida au kwa kioo kilichopakwa masizi. Kila mmoja apewe kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa kwa sindano, asimame kulipa jua mgongo, na aiache nuru ipite katika tundu iangukie karatasi nyeupe. Atauona mwezi ukilila jua pole pole, na chini ya mwembe ataona vipande vya nuru vilivyopita kati ya majani vimegeuka vyote kuwa hilali. Aandike saa aliyoanza kuona, na saa aliyomaliza, na mwalimu azikusanye hesabu za darasa zima na kuzipeleka wilayani kama zilivyoandikwa.